Nani Amtunze Mzee wa Luapula?

Siku ya malipo ya fedha za ustawi za serikali katika vijiji vya bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, wazee hudamka mapema. Hufika na vitambulisho vya taifa vilivyofungwa kwenye pembe ya kitenge, wakakaa kivulini kungoja majina yaitwe. Asiyejua kuandika huweka dole gumba kwenye wino. Asiyeweza kutembea hupokelewa na mtu aliyeandikishwa kwa niaba yake. Anayehesabu noti huwa mwalimu au mhudumu wa afya, lakini anayejua kila mzee analala wapi na nani anampikia ni mjumbe wa kamati ya ustawi ya kijiji. Mjumbe huyo halipwi mshahara.

Wilaya ya Mwansabombwe, katika bonde hilo, hujulikana zaidi kwa makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, na kwa sherehe za Mutomboko za kila Julai. Ilipata hadhi ya wilaya mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Kawambwa. Suala la kumtunza mtu mzima asiyejiweza ni kongwe kuliko wilaya hiyo.

Zamani mzigo huo ulikuwa wa ukoo. Nasaba ya kifalme ya Walunda hufuata upande wa baba, lakini wengi wa watu wa bondeni huhesabu ukoo kwa mama, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Ian Cunnison katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu watu wa Luapula. Kwa hesabu hiyo, mjomba akizeeka aliwatazamia wapwa zake, watoto wa dada zake. Kijiji kilikuwa na shamba na mto ulikuwa na samaki, na vijana hawakuwa mbali.

Migodi iliwaondoa vijana hao. Baada ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa Katanga mwaka 1906, wanaume wa Luapula walivuka mto kwenda kuchimba shaba, na wengi wakarudi na Kiswahili cha kambini. Baadaye Ukanda wa Shaba wa Zambia ukawavuta wengine. Wapwa walituma fedha walipoweza. Ila fedha haimchotei bibi maji wala haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Wamisionari walijaza sehemu ya pengo. Chama cha Misioni cha London kilifungua kituo Mbereshi mwaka 1900, na mwaka 1915 mmisionari wake Mabel Shaw akafika na kuanzisha shule ya bweni ya wasichana. Kashikishi, wilayani Nchelenge, Wakatoliki walijenga Hospitali ya Mtakatifu Paulo. Hospitali humtibu mtu akapona au akaruhusiwa, na anaporudi nyumbani matunzo huwa ya jamaa zake.

Serikali nayo ilikuwa na mpango wa kuwasaidia mafukara tangu miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Mwaka 2000 mpango huo ulisukwa upya na kamati za ustawi zikapewa kazi ya kuwatambua wenye shida, kuanzia kijijini hadi wilayani. Juu ya kamati hizo ndipo ulipojengwa mpango wa fedha taslimu ulioanza kwa majaribio Kalomo, kusini mwa nchi, mwaka 2003, kwa msaada wa Ujerumani. Katete, mashariki mwa nchi, ilijaribu pensheni kwa wote waliotimiza miaka 60. Leo mpango huo wa fedha taslimu umefika nchi nzima. Wazee wa miaka 65 na zaidi wamo, wenye ulemavu mkubwa wamo, na kaya zenye ulemavu hulipwa maradufu.

Safari haikuwa laini. Mwaka 2018 Uingereza na wafadhili wengine walizuia fedha zao kutokana na tuhuma za ubadhirifu katika mpango huo. Mwaka huohuo kambi ya Mantapala ilifunguliwa Nchelenge kwa wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakisema Kiswahili. Wilaya iliyokuwa ikihangaika na wazee wake ikapokea pia wazee waliokimbia vita.

Sasa mzigo unasogea kuelekea halmashauri, kwa kuwa maendeleo ya jamii ni miongoni mwa majukumu ambayo sera ya ugatuaji imeyaelekeza huko. Fedha za maendeleo ya majimbo ya uchaguzi nazo zimeongezwa, kutoka kwacha milioni 1.6 kwa jimbo hadi milioni 25.7 mwaka 2022. Mafungu yake makuu ni miradi ya jamii, uwezeshaji wa vijana na akina mama, na ufadhili wa masomo. Matunzo ya wazee si mojawapo.

Hapo ndipo penye kasoro. Kumfikia mzee wa kisiwa cha Kilwa au Isokwe, katika Ziwa Mweru, kunahitaji mtumbwi, mafuta na siku nzima. Mjumbe wa kijiji hulipia safari kwa nguvu zake mwenyewe, kisha hulaumiwa na majirani ambao majina yao hayakupita. Orodha ikiwa na kosa, yeye ndiye wa kwanza kugongewa mlango.

Madiwani wa Mwansabombwe na Nchelenge wana bajeti za kupitisha kila mwaka. Waanze na mambo matatu: posho kwa wajumbe wa kamati za ustawi, baiskeli kwa vijiji vya bara na nauli ya mtumbwi kwa visiwa. Wazee wa Luapula wamengoja vya kutosha.