Mahema ya Paulo na Mshahara wa Mwalimu

Mkristu anapohimizwa ajitegemee, hutajwa Mtume Paulo aliyeshona mahema kule Korinto. Ni kweli. Lakini Paulo huyohuyo aliyachangisha makanisa fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu.

Nchini mwetu jambo hili lina historia. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za Kanisa; mwaka 1977 ikaturudishia uongozi wake kwa mkataba, nayo ikabaki na wajibu wa kuwalipa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara ukawa jina tu, migomo ikafunga madarasa. Ndipo wazazi, kwa kupatana na maaskofu, walipoanza kumlipa mwalimu. Shule ziliokoka. Sisi tuliofundisha tulikula jasho la wauza mihogo, tukashukuru.

Hata hivyo, mtoto ambaye minervali yake haikulipwa alirudishwa nyumbani na madaftari yake. Majina tuliyasoma sisi wenyewe, baada ya sala ya asubuhi. Kilichoanza kama dharura kilidumu zaidi ya miaka 25, ingawa Katiba ya 2006 ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Na mama yule sokoni alikuwa akilipa kodi kila siku: mwalimu mmoja alimlipa mara mbili. Hayo tuliyaita kujitegemea.

Septemba 2019 elimu hiyo ya bure ilipoanza kutekelezwa, madarasa yalifurika. Kati ya waliokuja kuandikishwa darasa la kwanza, wengine walikuwa warefu kuliko wenzao.