Fimbo za gofu zinazovumilia makosa: namna ya kuchagua zinazomfaa mchezaji wa kawaida

Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, huwaleta nchini Kenya wachezaji wa gofu wa kulipwa kutoka mabara mbalimbali. Mtazamaji anayevutiwa na ustadi wao huweza kudhani kwamba akinunua fimbo za chuma kama zao, naye atapiga kama wao. Dhana hiyo ni ya gharama kubwa. Fimbo inayomfaa mchezaji wa kawaida huchaguliwa kwa kuangalia mapigo yake mabaya, wala si yale machache yaliyofana.

Tofauti iko mgongoni

Fimbo za chuma za jadi zina kichwa kidogo na chembamba, na uzito wake umekusanyika katikati. Mpira ukigongwa katikati ya uso wa fimbo, huruka vizuri. Ukigongwa kando, kuelekea ncha au kisigino cha kichwa, fimbo hujipinda mkononi, na mpira hupoteza kasi na kupotea njia.

Fimbo zinazovumilia makosa zimechimbwa mgongoni. Chuma kilichopunguzwa katikati huhamishiwa pembezoni na chini, hivyo kichwa hakigeuki kwa urahisi. Kanuni hiyo ndiyo inayomsaidia mwanasarakasi apitaye juu ya kamba: ufito mrefu alioushika humzuia kuyumba, kwa kuwa uzito wake umetandaa mbali na mwili.

Aliyeipa kanuni hiyo umaarufu katika gofu ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akagawa uzito wake kwenye ncha na kisigino. Sauti iliyotoka fimbo hiyo ilipogonga mpira ndiyo iliyoipa kampuni yake jina la Ping. Baadaye aliihamishia kanuni hiyo kwenye fimbo za chuma.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni unyayo, yaani sehemu ya chini ya kichwa. Unyayo mpana huteleza juu ya udongo laini badala ya kuchimba. Hata hivyo, kwenye ardhi kavu na ngumu, unyayo mpana kupita kiasi huweza kudunda kabla ya kuufikia mpira. Basi fikiria uwanja unaochezea mara nyingi.

La pili ni mpini. Mpini wa grafaiti ni mwepesi na hupunguza mtikisiko mikononi. Huwafaa wenye mzunguko wa polepole. Wa chuma ni mzito zaidi, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

La tatu ni uso uliorudishwa nyuma kidogo ya mstari wa mpini. Umbo hilo huupa uso muda wa kunyooka kabla ya kugonga, na humsaidia mchezaji wa mkono wa kulia ambaye mipira yake hukengeukia kulia.

Tahadhari kuhusu namba

Muuzaji akikuambia kwamba fimbo yake namba 7 hupeleka mpira mbali zaidi, uliza mwinamo wa uso wake. Zamani namba 7 ilikuwa na takriban nyuzi 34. Nyingi za kundi hili siku hizi zina nyuzi 28 hadi 30, kiasi kinachokaribia namba 5 au 6 ya zamani. Umbali ulioongezeka, kwa sehemu kubwa, umetokana na namba iliyobadilishwa. Matokeo yake, fimbo fupi zaidi ya seti huweza kuacha pengo kubwa kati yake na fimbo ya mchangani. Sheria zinaruhusu fimbo 14 tu katika mfuko, hivyo panga mapema.

Jipime kabla ya kulipa

Paka poda ya miguu kwenye uso wa fimbo, piga mipira 10, kisha tazama alama. Zikitawanyika, unahitaji fimbo yenye kuvumilia. Zikikusanyika katikati, unaweza kufikiria kichwa chembamba zaidi, ambacho humwezesha stadi kuupinda mpira apendavyo.

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Fimbo zilizotumika, hata za miaka 10 iliyopita, bado zina manufaa iwapo mifereji ya usoni haijalika na mipini haina nyufa. Jihadhari na bidhaa bandia: linganisha maandishi, uzito na umaliziaji wa kila kichwa.

Mwishowe, fimbo hupunguza adhabu ya kosa. Haiondoi kosa lenyewe. Fedha utakazookoa kwa kuchagua kwa busara zitakutosha kumlipa mwalimu kwa masomo kadhaa.