Mizani ya Majani na Mizani ya Ubongo

Katika nchi ya Kericho na Bomet hapana kijana asiyeijua mizani. Siku ya mavuno wakulima huchukua mizigo yao ya majani mabichi ya chai mpaka kituo cha kununulia, wakasimama mstari, na karani hutundika mfuko mmoja mmoja na kuandika kilo zake. Kwa macho ya mgeni kazi hiyo ni nyepesi: mzigo huu mzito, ule mwepesi, basi. Lakini mkulima ajua zaidi. Ajua kuwa majani yaliyochumwa penye umande huwa mazito kwa sababu ya maji; kuwa yaliyokaa juani hunyauka na kupungua uzito; na kuwa mfuko nao una uzito wake, ambao hauna budi kuondolewa katika hesabu. Ajua pia kuwa shamba lililokosa mbolea halitoi sawa na lililoipata, ijapokuwa miche ya mashamba yote mawili ni ya namna moja. Mizani husema uzito, lakini haisemi sababu. Kama somo hili dogo lingalizingatiwa na wataalamu fulani wa zamani, Kenya ingaliepukana na kosa moja kubwa.

Kosa hilo lilihusu ubongo wa Mwafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa mganga wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alianza kupima vichwa vya Waafrika ili aonyeshe kuwa akili zao ni pungufu kwa maumbile. Wakati huohuo F. W. Vint, aliyekuwa mchunguzi wa maiti katika maabara ya serikali, alikuwa akipima bongo za Waafrika waliokufa. Mwaka 1934 Vint alitangaza matokeo yake katika jarida la elimu ya mwili huko Uingereza. Alisema kuwa ubongo wa mwanamume Mwafrika wa Kenya ulikuwa na uzito wa wastani wa gramu 1,276, ilhali ule wa Mzungu ulikuwa gramu 1,428. Alisema tena kuwa gamba la nje la ubongo wa Mwafrika lilikuwa jembamba zaidi. Bongo za Wazungu hakuzipima pamoja na hizo za Nairobi. Tarakimu zake alizichukua katika maandiko ya Ulaya.

Pengine msomaji atauliza: hesabu za maabara zina madhara gani kwa mtu aliye shambani? Zilikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa zilitumiwa kama hukumu. Mwaka 1933 Gordon na wenzake waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha nasaba za watu, na baadhi ya walowezi wakajiunga nacho. Gordon alifundisha kuwa elimu ya Kizungu yaweza kumdhuru Mwafrika na hata kumtia wazimu. Ewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, fikiri maana ya neno hilo. Wakati huo shule ya serikali ya Kabianga, karibu na Kericho, ilikuwa na umri usiofika miaka kumi. Kama maneno ya Gordon yangalifuatwa yote, madarasa ya namna hiyo yangalifungwa, na watoto wangaliachiwa kazi ya kuchuma majani katika mashamba makubwa ambayo makampuni ya kigeni yaliyafungua Kericho katika miaka ya 1920. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa bahati njema, serikali ya London haikukubali kutoa fedha za kuendeleza uchunguzi ule, na watu wenye elimu walikuwako walioukosoa.

Hata hivyo mawazo hayo hayakufa upesi. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari baada ya Gordon, aliandika mwaka 1951 kuwa Mwafrika hutenda mambo kama Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ndiyo husaidia mtu kupanga mambo na kutazama mbele. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya Duniani, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapa maandishi yake juu ya Mau Mau.

Tuyapime maneno hayo kwa ushahidi wa nchi ya chai. Kwa miaka mingi sheria na desturi za ukoloni zilimzuia Mwafrika kupanda chai iwe yake mwenyewe. Njia ilianza kufunguliwa katika miaka ya 1950. Mche wa chai hauleti faida leo wala kesho. Mwenye kuupanda hupalilia na kukata matawi yake kwa miaka kadha kabla ya kupata mavuno ya kutosha, kisha huutunza kwa muda wa maisha yake na kuwarithisha watoto wake. Ni zao la mtu anayetazama mbele. Basi watu walioambiwa kuwa hawana uwezo huo ndio waliopanda, wakangoja, wakavuna. Na wakulima wadogo wakafikia kutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Hawakubadili ubongo ili wafanye hivyo. Kilichobadilika ni ruhusa.

Kosa la wapimaji lilikuwa wapi? Mwaka 1970 Phillip Tobias, mwalimu wa elimu ya mwili katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alilichambua jambo hili kwa makini. Alionyesha kuwa uzito wa ubongo hutegemea mambo mengi: ukubwa wa mwili, umri wa marehemu, chakula alichokula utotoni, maradhi yaliyomwua, saa zilizopita tangu kufa, joto la mahali maiti ilipowekwa, mahali ubongo ulipokatwa kutoka uti wa mgongo, na kama ulipimwa pamoja na ngozi zake na maji yake. Asiyelinganisha mambo hayo yote hawezi kulinganisha taifa na taifa. Twaona, basi, kuwa hayo ni yaleyale ya umande, jua na mfuko. Mkulima wa Bomet asingalikubali kupimiwa majani yake kwa namna ambayo Waafrika walipimiwa ubongo wao.

Karibu na wakati huo nchi ya Wakipsigis yenyewe ilitoa ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa katika mtaa mmoja wa mashambani wa Wakipsigis wakitazama malezi ya watoto. Ilikuwa imesemwa kuwa watoto wa Kiafrika huwahi kuketi na kutembea kwa sababu ya maumbile ya damu yao. Super aliona kuwa watoto wale waliwahi kweli kuketi na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa. Sababu ilikuwa wazi. Mama Mkipsigis humfundisha mtoto kuketi, pengine kwa kumkalisha katika kishimo kidogo ardhini na kumwegemeza kwa nguo. Humfundisha pia kutembea. Lakini kutambaa hamfundishi. Kilichodhaniwa kuwa damu kilikuwa kazi ya mama.

Kama ndivyo ilivyo kwa mtoto, je, mzee? Siku hizi ubongo wa mtu aliye hai hupigwa picha kwa mashine ya nguvu za sumaku, wala hapana haja ya kungoja kifo. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza habari za wazee wa kaskazini mwa Manhattan, New York. Waliona kuwa wazee weusi, na wale wenye asili ya visiwa vya Karibi wasemao Kihispania, walikuwa na ubongo mkubwa kuliko wazee weupe, ukilinganishwa na nafasi iliyomo kichwani. Lakini pia walikuwa na mabaka mengi zaidi ya namna inayohusiana na maradhi ya mishipa ya damu. Gordon angalisema nini juu ya tarakimu hizo? Wataalamu hawa hawakumtukuza wala kumdunisha mtu. Waliuliza swali lenye manufaa: ni maradhi gani yanayoudhuru ubongo wa wazee, nayo yazuiwe vipi?

Uchunguzi mwingine uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Habari zake zilizotolewa mwaka 2001 zilisema kuwa maradhi ya kupotewa na akili uzeeni yaliwashika Wayoruba asilimia 1.35 kwa mwaka, na Wamarekani weusi asilimia 3.24. Watu wote hao asili yao ni Afrika, lakini maisha yao yametofautiana. Basi mtu asiseme upesi kuwa tofauti za wazee ni za nasaba tu. Mzee wa Kericho anayepimwa shinikizo la damu na kupewa dawa mapema analindiwa ubongo wake, na hiyo ndiyo faida ya kweli ya elimu hii.

Mwaka 1950 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, lilitangaza kuwa hapana ushahidi wa kuwa mataifa ya watu yamezidiana akili kwa kuzaliwa. Mwaka 1976 mkutano mkuu wa shirika hilohilo ulifanyika Nairobi, na rais wake alikuwa Taaitta Toweett, Mkipsigis wa Kericho, bingwa wa lugha aliyepata kuwa Waziri wa Elimu wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1925; kwa hiyo Vint alipotangaza gramu zake, Toweett alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Mtu mmoja hathibitishi habari za taifa zima, wala bongo chache zilizopimwa vibaya hazithibitishi. Lakini tukumbuke kuwa hukumu ile ilimhusu mtoto yule naye, na haikungoja kuona atakuwa nani.

Enyi vijana, kupima si dhambi, na elimu ya ubongo yawahitaji ninyi. Huenda siku moja mizani hiyo ikawa mikononi mwenu. Siku hiyo, kabla ya kuandika uzito, ulizeni habari za umande, na za jua, na za mfuko.