Kabla Mashua Haijagusa Mchanga

Novemba 1978 meli kuukuu ya mizigo, Hai Hong, ilitia nanga karibu na Port Klang, Malaysia, ikiwa na shehena ya watu. Walikuwa Wavietnamu wapatao 2,500, wengi wao wa asili ya Kichina, wamebanana kuanzia sitaha hadi ndani ya ngama. Serikali ya Malaysia iliwakatalia kushuka. Ilisema wamelipa nauli kwa mawakala, kwa hiyo ni wahamiaji haramu na jina la wakimbizi haliwahusu. Mimi sioni jinsi nauli inavyomwondolea mtu hofu aliyoikimbia.

Ufumbuzi ulitoka mbali. Jimbo la Quebec lilijitolea kupokea watu 200, na Kanada kwa jumla ikachukua 604. Ernst Albrecht, aliyeongoza serikali ya jimbo la Niedersachsen huko Ujerumani Magharibi, akatoa nafasi 1,000. Ufaransa na Marekani zikachukua wengine. Pwani ilifunguka kwa sababu nchi za ng'ambo zilikuwa zimekwisha kusema, "Waleteni." Mema mengi yaliyotendeka katika historia ya wakimbizi wa mashua wa Vietnamu yalianzia kwenye neno hilo.

Saigon, mji mkuu wa Vietnamu Kusini, ilianguka tarehe 30 Aprili 1975. Miaka ya mwanzo mashua zilizotoka hazikuwa nyingi. Mwaka 1978 serikali mpya ya Vietnamu ilipotaifisha biashara za watu binafsi, wafanyabiashara wa Kichina waliumia kuliko wote. Februari 1979 vita na China vikazidisha chuki dhidi yao. Watu wakamiminika baharini kwa mashua za uvuvi ambazo hazikuundwa kwa mawimbi ya bahari kuu, huku maharamia wakiwavizia katika Ghuba ya Thailand, wakipora, wakibaka na kuua. Mwezi Juni 1979 peke yake waliofika pwani za jirani walizidi 54,000. Pulau Bidong, kisiwa cha Malaysia chenye ukubwa wa kilometa moja hivi ya mraba, kilibeba watu wapatao 40,000.

Mwezi huohuo nchi tano za ASEAN, umoja wa Kusini-Mashariki mwa Asia, zilitangaza kwamba hazitapokea wengine. Mashua zilifungwa kamba na kuburutwa kurudishwa bahari kuu, na waliokufa kwa amri hiyo hakuna awezaye kuwahesabu. Kosa hilo ni zito. Lakini hofu iliyolizaa tuielewe: hakuna hata moja kati ya nchi hizo tano iliyokuwa imetia saini mkataba wa wakimbizi wa 1951, na kila moja iliona wageni wakiongezeka bila kujua nani atawachukua.

Hofu hiyohiyo iliwapata manahodha. Aliyeokoa watu baharini alijua kwamba bandari iliyo mbele huenda ikamkatalia kuwashusha, na meli yake ikabaki ikielea huku hasara ikipanda. Wengi walipita wakiziona mashua. Mwaka 1977 meli ya Israeli, Yuvali, haikupita. Iliwaokoa watu 66. Menachem Begin, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uwaziri mkuu, akaamuru wapewe makazi nchini mwake. Yeye alikumbuka meli St. Louis ya mwaka 1939, iliyobeba abiria 937, karibu wote Wayahudi, kutoka Ujerumani, ikakataliwa Cuba, ikakataliwa Marekani, na Kanada nayo ikaziba masikio. Iligeuza kurudi Ulaya, na 254 kati ya abiria wake wakauawa katika mauaji ya halaiki.

Tarehe 20 na 21 Julai 1979 serikali 65 zilikutana Geneva. Ahadi za makazi ziliruka kutoka nafasi 125,000 hadi 260,000, na nchi za jirani zikakubali kuendelea kutoa hifadhi ya muda. Kwa manahodha uliwekwa utaratibu ambao nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za makarani wa karne ile: kundi la nchi liliweka dhamana kwamba watu waliookolewa na meli ya biashara wangeshushwa kwenye bandari ya kwanza na kuhamishiwa nchi nyingine ndani ya siku 90. Nahodha sasa alikuwa na cha kumwonyesha mkuu wa bandari. Kulikuwa na doa pia. Vietnamu iliahidi kuwazuia watu wasitoroke kwa mashua, na kumzuia mtu anayekimbia si wema hata kidogo. Kilichopunguza ubaya wake ni njia halali ya kuondoka kwa ndege, ambayo baadaye ilitumiwa na zaidi ya watu 600,000.

Kanada ilijitosa zaidi ya wengi. Waziri wa uhamiaji, Ron Atkey, alikuwa amesoma mswada wa Irving Abella na Harold Troper juu ya jinsi nchi yao ilivyowafungia mlango Wayahudi. Hakutaka jina lake lije kuandikwa katika kitabu kama hicho. Julai 1979 serikali ya Joe Clark ilitangaza nafasi 50,000, ikiahidi kwamba kwa kila mkimbizi atakayedhaminiwa na raia, nayo itamdhamini mmoja. Majirani watano, au waumini wa kanisa moja, waliweza kutia saini na kubeba gharama za familia kwa mwaka mzima. Vikundi vilizidi 7,000. Idadi ya wakimbizi ikafika 60,000 kabla ya 1980 kwisha, ingawa kura za maoni zilionyesha raia wengi hawautaki mpango huo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo lake. Mratibu mkuu wa kazi hiyo, Michael Molloy, alikuwa miongoni mwa maofisa vijana wa Kanada waliotumwa Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Huko walijifunza kutoa viza kwa maelfu katika wiki chache na kujaza ndege za kukodi usiku na mchana. Ujuzi uliopatikana Kampala ndio uliowahudumia watu wa Bidong.

Mwaka 1986 watu wa Kanada kwa pamoja walipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mara ya kwanza kwa taifa zima. Lakini kufikia hapo ahadi zilikuwa zikipungua, na pwani zikawa ngumu tena. Hong Kong ilianza kuwafungia wageni katika kambi mwaka 1982. Kuanzia 1989 kila aliyefika alichujwa, na watu wapatao 109,000 wakarudishwa Vietnamu. Mpango huo wa kuchuja ulifungwa mwaka 1996.

Katika kisiwa cha Galang, Indonesia, waliowahi kuishi katika kambi ya wakimbizi ya hapo walirudi mwaka 2005 wakajenga mnara. Upande mmoja uliwakumbuka waliokufa, upande wa pili uliwashukuru waliowapokea. Vietnamu ikalalamika na mnara ukabomolewa. Makaburi ya wakimbizi yangali pale msituni.