Mji Umekombolewa, Je Shamba?

Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Ndugu zetu Wamakonde wako pande zote mbili, kwa hiyo vita vya kule si habari ya mbali.

Mwaka 1987 askari wa Tanzania walikwenda Zambezia kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Walirudi 1988. Amani yenyewe ilisubiri mkataba wa Roma, Oktoba 1992.

Agosti 2021, Cabo Delgado, majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi mwaka mzima. Kikosi cha SADC kiligawana wilaya. Nangade wakapewa askari wa Tanzania na Lesotho. Waasi wakajigawa vikundi vidogo, wakaingia porini. Julai 2024 SADC ikafunga virago, mashambulizi yakaendelea.

Jeshi likishika barabara na makao ya wilaya, ramani inapendeza. Sawa. Ila kipimo changu ni kimoja: mama akienda peke yake kuchimba muhogo, akarudi jioni salama, hapo ndipo nitasema eneo limekombolewa.