Programu ipi inafaa kuchonga vifaa vya michezo ya kompyuta?

KIJANA wa Lumakanda, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari katika Kaunti ya Kakamega, anayetaka kujitosa katika uundaji wa michezo ya kompyuta hukabiliwa na swali moja mapema: atumie programu gani kuchonga vifaa vitakavyoonekana ndani ya mchezo? Akikosea kuchagua, huenda akapoteza akiba yake, akatumia miezi kadhaa kujifunza ufundi asioweza kuuendeleza, au akajikuta na kazi asiyoruhusiwa kuiuza.

Katika michezo hii, kifaa ni kitu chochote kisicho mhusika, jengo wala ardhi. Chungu, kandili, kigoda, jembe, gunia la mahindi na pikipiki iliyoegeshwa kando ya barabara vyote ni vifaa. Ndivyo humfanya mchezaji aamini kwamba mahali anapopaona ni pa kweli.

Wakenya si wageni katika kazi hii. Mwaka wa 2007, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu ambao mhusika wake mkuu husaka vitu vya kale vya Kiafrika. Miaka miwili baadaye, yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts. Mwaka wa 2015, Black Division Games ilitoa Nairobi X, mchezo wa vita ambao mandhari yake ni jiji kuu la Kenya. Kila mmoja wa michezo hiyo ulihitaji mtu wa kuketi na kuchonga vitu, kimoja baada ya kingine.

Mfano wa isukuti

Ngoma ya isukuti inaonyesha vyema kazi inayotakiwa. Mwaka wa 2014, Unesco iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma zake huchezwa tatu kwa pamoja: kubwa, ya wastani na ndogo. Katika maduka ya mtandaoni yanayouza vifaa vya michezo, mapipa na panga za Ulaya zimejaa tele, ilhali kupata isukuti iliyochongwa sawasawa ni nadra. Hapo ndipo fundi wa Lumakanda ana faida: anaijua ngoma hiyo kwa macho na kwa masikio.

Mchongaji huanza na umbo la mkebe. Kompyuta huliunda umbo hilo kwa pembetatu. Mkebe wenye pande 16, ukijumlisha juu na chini yake, huwa na pembetatu 60. Ukiwa na pande 64, pembetatu hufika 252. Kwa ngoma tatu, hesabu hiyo huwa 180 dhidi ya 756. Katika simu ya bei nafuu, ambamo vitu vingi huonekana kwa wakati mmoja, tofauti kama hiyo ikirudiwa katika kila kifaa huufanya mchezo uende kwa kusuasua.

Baada ya umbo, mchongaji hulikunjua mithili ya mtu anayefungua katoni na kuilaza chini. Juu ya bapa hilo huchora mbao, kamba na ngozi, kisha programu hulivika umbo picha hiyo. Hatimaye, kifaa huhifadhiwa katika faili inayoweza kusomwa na programu ya kuundia mchezo, kama vile Unity, Unreal au Godot. Programu ifaayo, basi, ni ile inayokamilisha hatua zote hizo bila kuishinda kompyuta iliyopo.

Programu zilizopo

Blender ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza. Ilianzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi. Kampuni iliyoimiliki ilipoanguka mwaka wa 2002, wapenzi wake walichanga euro 100,000 kwa majuma saba ili kuikomboa, na mnamo Oktoba 13 mwaka huo ikatolewa kwa umma. Tangu hapo ni ya bure, hata kwa anayeuza kazi yake. Uwezo wake haupaswi kutiliwa shaka: filamu ya Flow iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2025 ilitengenezwa kwa Blender.

Hata hivyo, matoleo mapya ya Blender huhitaji kompyuta yenye nguvu kiasi, angalau kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mwenye kipakatalishi cha zamani anaweza kutumia toleo la 2.79 la mwaka wa 2017, ambalo bado linapatikana. Asisahau tu kwamba sura ya programu ilibadilika sana kuanzia toleo la 2.80 la mwaka wa 2019, hivyo mafunzo ya sasa hayatalingana na anachokiona.

Maya na 3ds Max, zote za kampuni ya Autodesk, zimetumika kwa miaka mingi katika kampuni kubwa za michezo na filamu. Ubora wake haubishaniwi. Tatizo ni gharama: ada ya Maya kwa mwaka mmoja nchini Marekani huzidi dola 1,500. Wanafunzi waliotimiza masharti hupewa bure, lakini kazi ya leseni hiyo haipaswi kuuzwa. Kijana anayelenga kuajiriwa na kampuni inayozitumia ana sababu ya kujifunza. Anayetaka kuuza vifaa vyake mwenyewe hana haja ya kuanzia hapo.

Kuna funzo jingine. Softimage, iliyokuwa programu mashuhuri ya kazi hii, ilinunuliwa na Autodesk mwaka wa 2008, na toleo lake la mwisho likatolewa mwaka wa 2014. Waliokuwa wameiweka mbele katika riziki yao walilazimika kuhama. Programu ya kampuni moja inaweza kufungwa na mwenyewe wakati wowote. Ile ambayo msimbo wake uko mikononi mwa umma haifungiki hivyo.

Blockbench nayo ni ya bure na nyepesi, na huendeshwa hata ndani ya kivinjari cha intaneti. Inafaa maumbo ya matofali na vifaa vya pembetatu chache, na humfaa mwenye kompyuta dhaifu. SketchUp ni rahisi kujifunza, lakini inafaa zaidi majengo. Toleo lake la bure hutegemea intaneti na haliruhusiwi kwa biashara. ZBrush husifika kwa kuchonga maumbo yenye mikunjo mingi, kama sura za watu. Kwa ngoma au jembe, ni kama kuchinja kuku kwa shoka.

Mambo ya kupima

Kwanza, mchongaji apime kompyuta yake kabla ya kutazama sifa za programu. Pili, asome masharti ya leseni. Programu zilizovunjwa kufuli, ambazo huuzwa vichochoroni, mara nyingi huja na virusi. Isitoshe, zinakiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, na mteja akidai kuonyeshwa leseni, kazi hukataliwa.

Tatu, atazame aina ya faili. FBX ni mali ya Autodesk ingawa husomwa na programu nyingi. glTF, iliyotolewa na shirika la Khronos mwaka wa 2015, iko wazi kwa yeyote. Kifaa kilichohifadhiwa kwa njia hiyo hakimfungi mwenyewe kwa kampuni yoyote.

Nne, afikirie kukatika kwa umeme. Blender hujihifadhia nakala kila baada ya dakika mbili isipoelekezwa vingine. Ni jambo dogo, lakini huokoa kazi ya siku nzima stima inapopotea ghafla.

Kwa kijana wa Lumakanda mwenye kompyuta ya wastani na mfuko mwembamba, Blender ndiyo chaguo la busara. Ikiwa kompyuta ni dhaifu mno, aanze na Blockbench. Achonge isukuti moja hadi mwisho, aitie ndani ya mchezo, na aione ikifanya kazi kwenye simu. Ujuzi wa kuhesabu pembetatu, kukunjua umbo na kupaka rangi atauhamishia katika programu yoyote atakayokutana nayo baadaye. Wakulima wa mahindi wa Lugari wanaujua ukweli huo tangu zamani: mchagua jembe si mkulima.