Sikio la Mha na Vitate vya Kiingereza

Mtoto wa Kasulu aliyelelewa kwa Kiha anajua kwamba kazi ya mama jikoni inaitwa guteka. Akianza shule anaelezwa kuwa kwa Kiswahili kuteka ni kuchota maji kisimani, au kumchukua mtu kwa nguvu. Ya jikoni ni kupika. Hapo ndipo anapokutana kwanza na maneno yanayofanana sura na kuachana maana. Mara ya pili humngoja kidato cha kwanza, pale Kiingereza kinapoacha kuwa somo moja kati ya mengi na kuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote.

Hoja ya makala haya ni kwamba ujuzi wa mara ile ya kwanza ni mtaji, na haufai kuachwa mlangoni mwa darasa la Kiingereza.

Kwanza makosa yatengwe, kwa sababu si ya ukoo mmoja. Mwanafunzi anayeandika "right" alipotaka "write", au "their" badala ya "there", hajakosea kusikia. Hata Mwingereza husikia sauti ileile. Kilichomkwaza ni tahajia, na amekwazwa kwa sababu ametoka katika Kiswahili, lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa: mbuzi wa kuchinja na mbuzi ya kukunia nazi huandikwa sawa, kazi ya kuwatenganisha wakaachiwa "huyu" na "hii". Tahajia ya Kiingereza ni ghala la historia. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, matamshi yalikuwa bado yanahama, na yaliendelea kuhama huku maandishi yakizidi kuganda. Ndiyo maana "knight", askari wa farasi, bado anabeba herufi k ambayo zamani ilitamkwa, na leo anasikika sawasawa na "night", usiku.

Jozi ya "flower" na "flour" inafundisha zaidi. Ua na unga vilikuwa neno moja, lililotoka Kifaransa: unga laini ulihesabiwa kuwa ua la nafaka, yaani sehemu yake iliyo bora. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilikuwa bado haijawatenga kwa tahajia. Mwanafunzi aliyesimuliwa kisa hiki ana mahali pa kushika; aliyepewa orodha ya kukariri hana.

Kosa la pili ni la sikio, na ndilo linalostahili kazi kubwa zaidi. "Ship" ni meli na "sheep" ni kondoo. "Full" ni kujaa na "fool" ni mjinga. "Cut", "cat" na "cart" ni kukata, paka na mkokoteni. Kwa Mwingereza hakuna hata mawili kati ya hayo yanayotamkwa sawa. Kwa sikio lililozoea Kiswahili ni vitate, na mara nyingi sauti zake huungana kabisa. Sababu inaeleweka: Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20, pamoja na zile za kuunganishwa. Wageni ishirini wakifika kwenye nyumba ya vyumba vitano, watalala kwa kubanana.

Hapa Kiha kina la kusema. Nacho kina irabu tano, lakini, kama ndugu zake Kirundi na Kinyarwanda, kila irabu inaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo unaweza kubadili maana. Juu ya urefu kuna toni. Lotta Harjula aliyaeleza yote mawili katika sarufi yake ya Kiha iliyochapishwa mwaka 2004. Kwa Warundi walio ng'ambo ya mpaka, inda ni tumbo na inda ni chawa. Karatasi haionyeshi tofauti, sauti inaionyesha. Mtoto aliyekulia katika lugha za namna hii hahitaji kufundishwa kwamba kuvuta irabu kunaweza kuzaa neno jingine. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia kuwa sikio hilohilo analolitumia nyumbani linafaa pia kwa "ship" na "sheep".

Itapingwa, na kwa haki, kwamba urefu pekee hautoshi, kwani ulimi nao hubadili mkao kati ya maneno hayo mawili. Ni kweli. Hata hivyo, urefu ni mlango unaofunguka mapema, na mkao wa ulimi unaweza kufuata. Kiswahili nacho hakikosi mchango: barabara ya kupitia magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutenganishwa na shadda tu, kama Kiingereza kinavyotenga "record" ya kumbukumbu na "record" ya kurekodi.

Lakini mwalimu lazima ajue mwanafunzi ametoka lugha gani. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi, zilileta watoto waliosoma kwa mitaala ya kwao, yenye Kifaransa. Kwa Mrundi, kwubaka ni kujenga. Akilichukua neno hilo kama lilivyo na kulitia katika Kiswahili cha kuokoteza, maelezo ya mtu aliyejenga nyumba yake yanageuka kukiri jinai ya kutisha, na mkalimani asiyejua Kirundi anaweza kuyapeleka hivyohivyo kwenye Kiingereza. Kifaransa nacho kina mtego wake. "Demander" ni kuomba. "Demand" ya Kiingereza ni kudai kwa mkazo. Barua ya kambini inayoanza kwa "I demand" inaweza kusomwa ofisini kama ya mtu mkaidi, ilhali aliyeiandika alikuwa akiomba kwa unyenyekevu wote.